Tiketi niliyoifunga

(Hii ni hotuba niliyoitoa mbele ya vijana wa teknolojia hapa Mwanza. Nimeiandika karibu vile vile nilivyoongea, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Asanteni sana, asante dada mwenyekiti. Kabla sijaanza naomba yule kaka aliyekaa karibu na dirisha anisaidie kuvuta lile pazia, la upande wa ziwa. Saa tisa hii jua likishapiga maji mwanga wote unarudi humu ndani na macho yangu yanagoma, siwaoni nyie wala karatasi yangu siioni. Hapo hapo, inatosha kaka, wabeja sana.

Kwa ambao hatufahamiani, mimi ni mtu mwenye ualbino, nimezaliwa Ukerewe, nimekulia Nansio halafu hapa mjini Igogo, na kazi yangu ni kuandika programu. Ualbino watu wengi wanaujua kwa ngozi, lakini mimi kazini kinachonisumbua ni macho, yanachezacheza yenyewe, mwanga unayaumiza, na miwani inasaidia ila haimalizi tatizo, kwa hiyo mkinikuta ofisini mtanikuta pua iko karibu na kioo, maandishi nimeyakuza mara tatu, nyuma nimeweka nyeusi. Ndiyo ninavyofanya kazi na naipenda kazi yangu.

Nimeombwa niongelee programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi yeyote auchukue na kuubadilisha, na watu wenye ulemavu, na hasa hili swali ambalo sa hivi linawachanganya wengi, kwamba je sheria ya kulazimisha programu zitumike na watu wenye ulemavu iingie humu au isiingie, maana programu huria wanaandika watu wa kujitolea, usiku, bila mshahara, sasa ukimletea mtu wa hivyo sheria na faini si utamkimbiza? Mi nina jibu langu na nitalisema wazi, ila kwanza niwaambie nilichofanya mimi mwenyewe.

Mwaka 2021 niliandika kijiprogramu cha kalenda, kile kisanduku unachobonyeza kwenye fomu kinafunguka unachagua tarehe. Nikakiweka wazi mtandaoni kwa leseni ya MIT, yaani chukua, badilisha, uza ukitaka, ila usinidai kitu kikiharibika. Watu wakakichukua kweli. Siku moja ikaja tiketi, yaani ujumbe wa kuripoti tatizo kwenye ukurasa wa mradi, mtu ameandika kwa adabu kabisa, anasema yeye haoni, anatumia kibodi peke yake na kisoma skrini, ile programu inayomsomea kwa sauti kilichopo kwenye kioo, na kuna fomu ya kuomba kazi sehemu fulani imetumia kalenda yangu, akifika kwenye tarehe ya kuzaliwa anakwama, kibodi haiingii ndani ya kalenda, na kuandika tarehe kwa mkono nako mimi nilikuwa nimekuzuia ili watu wasikosee. Nilisoma. Ilikuwa saa sita usiku, nimechoka, kuna kazi ya kulipwa inaningoja, nikajibu mistari miwili kwamba huu ni mradi wa kujitolea, anayetaka marekebisho ayaandike ayalete, nikaifunga tiketi.

Mimi, mwenye macho haya, nilimfungia mtu asiyeona.

Na haikuniuma siku ile, hilo ndilo linanisumbua mpaka leo. Iliniuma miezi kadhaa baadaye nilipokuwa nalipia kitu mtandaoni, maandishi ya kijivu juu ya nyeupe, kitufe cha kuthibitisha sikukiona kabisa, muda ukaisha, nikawaandikia wahusika nikajibiwa kwamba kwa watumiaji walio wengi mfumo uko sawa. Hapo ndipo nikakumbuka ile tiketi. Nikarudi nikaifungua, na marekebisho yenyewe yalichukua jioni mbili. Mbili tu jamani. Mishale ya kibodi itembee kutoka siku hadi siku, Escape ifunge kalenda, kila siku itamkwe kamili, Jumanne tarehe 4 Mei, siyo "4" tupu, na anayetaka kuandika kwa mkono aandike. Nikamwandikia yule mtu kumwambia tayari. Hakujibu. Ile kazi sijui aliipata kwa njia nyingine au ilimpita.

Sasa kuna watu wakisikia hivi wanasema basi programu huria ndiyo tatizo, bora za kununua. Hapana. Kisoma skrini ambacho wasioona wengi duniani wanakitumia kwenye Windows kinaitwa NVDA na ni programu huria, wameianzisha Waaustralia wawili, Michael Curran na James Teh, wote hawaoni, walijuana utotoni kwenye kambi ya muziki ya watoto wasioona. Curran alianza kuiandika 2006, mwaka uliofuata wakaanzisha taasisi yao ya NV Access, na sababu ilikuwa bei, maana kisoma skrini cha kununua kama JAWS leseni yake ya kazini ilikuwa inafika dola 1,000 na zaidi, ukizigeuza shilingi hiyo ni pesa ya kununua laptopu na chenji ikabaki. Mtoto wa Sengerema au Magu asiyeona angeipata wapi? Leo anaipakua bure. Na sauti yake, kuna eSpeak NG, huria pia, Kiswahili kimo. Kinaongea kama roboti, ndiyo, lakini wanaokitumia wanakiendesha kwa kasi ambayo mimi na nyie tungesikia kelele tu, wao wanasoma.

Kwa hiyo mlango mkubwa kabisa wa wasioona kuingia kwenye kompyuta umefunguliwa na programu huria, halafu programu huria hizo hizo nyingine ukiingia ndani unakuta ukuta. Sababu yake ni ya kiufundi, naomba niikalie kidogo.

Kisoma skrini hakioni picha. Wewe ukichora kitu kikafanana na kitufe, kina rangi, kina kivuli, kikiguswa na mausi kinang'aa, chenyewe hakijui lolote kuhusu hayo. Kinachofanya ni kuuliza mfumo: hapa pana nini? Na mfumo unajibu mambo matatu, jina lake nini, ni kitu cha aina gani, na kiko katika hali gani. "Tuma maombi, kitufe, kimezimwa." Basi. Ukitumia kitufe halisi kilichomo kwenye HTML, lugha ya kuandikia kurasa za mtandao, majibu hayo yanakuja yenyewe bila wewe kufanya lolote, na kibodi inafika. Ukichukua kisanduku tupu ukakipaka rangi ukakipa JavaScript, majibu hayapo, mtu asiyeona anapita juu yake kama hakipo. Au kipo lakini hakina jina, na nadhani wote hapa mkiwasha TalkBack, kisoma skrini cha simu za Android, sasa hivi mkafungua apu yoyote mnayoipenda mtakuta sehemu inasema kitufe, kitufe, kitufe, kitufe. Kitufe cha nini? Cha kutuma pesa au cha kufuta?

Na kwa sisi wa uoni hafifu shida ni maandishi kupauka. WebAIM, hawa wa Chuo Kikuu cha Utah State kule Marekani, kila mwaka wanapima kurasa za mbele za tovuti milioni 1, mwaka 2024 asilimia 95.9 zilikutwa na makosa, na hayo ni yale ambayo mashine peke yake inaweza kuyaona, na lililoongoza ni hilo hilo, maandishi yaliyopauka. Kipimo kipo, WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, kwamba maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake yatofautiane angalau 4.5 kwa 1. Kile kijivu mnachokipenda nyie wabunifu, chenye namba ya rangi 999999, juu ya nyeupe kinatoa 2.85. Kishusheni mpaka 767676 mmepita. Ni tarakimu sita tu mnabadilisha. Na msidhani mnanifanyia mimi peke yangu, nendeni Mwaloni pale Kirumba saa saba mchana, mwangalieni mama wa dagaa anavyofunika simu kwa kanga ili aone kama muamala umeingia, macho yake mazima kabisa, jua ndilo linamfanya aone kama ninavyoona mimi.

Sasa sheria.

Kuna kisa cha Massachusetts, Marekani, ambacho kila mtu wa programu huria anatakiwa akijue. Mwaka 2005 serikali ya jimbo lile iliamua kwamba kuanzia Januari 2007 nyaraka zake zitunzwe kwa muundo ulio wazi, OpenDocument, ili isifungwe na kampuni moja. Uamuzi mzuri, watu wetu duniani kote wakashangilia. Kumbe wapo wafanyakazi wa serikali ile ile wasioona, na visoma skrini vyao vilikuwa vimetengenezwa kuongea vizuri na Microsoft Office, na OpenOffice, programu huria ya kuandikia nyaraka hizo za wazi, ya wakati ule kwenye Windows ilikuwa haisomeki vizuri, kwa hiyo kwao uhuru wa nyaraka maana yake ilikuwa kushindwa kufanya kazi. Wakapinga, wao na vyama vyao. Na wenzetu wengi wa programu huria wakaona wale watu wanatumiwa na kampuni kubwa. Mi nikisoma habari hizo najiuliza, hivi mtu akikwambia chombo chako hakimsomei, unaanza kwa kumuuliza ametumwa na nani?

Lakini angalieni kilichofuata. Kelele zile ndizo zilizosukuma kazi, wataalamu wakakaa wakaupitia ule muundo, na toleo la OpenDocument 1.1 la mwaka 2007 likatoka na marekebisho yaliyolenga ufikivu, yaani watu wenye ulemavu nao waweze kuutumia. Bila serikali kuwa na wajibu kwa wafanyakazi wake wenye ulemavu nani angelipa muda ule? Angalieni pasipo na wajibu huo. Kwenye dekstopu ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, kuna kisoma skrini kinaitwa Orca, kilikuwa kinalelewa na kampuni ya Sun, Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010 wahandisi wa ufikivu wakapunguzwa, na kwa miaka mingi baada ya hapo mzigo mkubwa ukabebwa na mtu mmoja, Joanmarie Diggs, ambaye alikuwa ameingia kama mchangiaji wa kujitolea. Mtu mmoja! Mapenzi ya mtu mmoja ni kitu kikubwa sana lakini akiugua je?

Ulaya sa hivi wamefika mbali. Sheria yao ya ufikivu ilipitishwa 2019 na imeanza kutumika tarehe 28 Juni 2025, inagusa simu, kompyuta, benki, vitabu vya kidijitali, tiketi za usafiri, maduka ya mtandaoni. Anayebanwa ni anayeuza au kutoa huduma, na watoa huduma wadogo sana, chini ya watu 10 na mauzo au mizania isiyozidi yuro milioni 2, wameachwa nje. Yule anayeandika kijiprogramu usiku nyumbani hakutajwa kama mtu wa kukamatwa. Na kwenye ile sheria yao nyingine ya usalama wa bidhaa za kidijitali, watu wa programu huria walipiga kelele kwamba mtatuua, wakasikilizwa, sheria iliyotoka 2024 ikawaacha wasiofanya biashara, na taasisi zinazolea miradi zikapewa wajibu mwepesi bila faini. Inawezekana basi kuandika sheria inayojua tofauti ya anayeuza na anayejitolea.

Hilo ndilo jibu langu. Sheria imshike anayeiweka programu mbele ya wananchi na anayelipwa kwa kuiweka. Mtunzaji wa kujitolea asishikwe. Ila mtunzaji naye tiketi ya mtu aliyekwama mlangoni asiifunge, aiache wazi, aandike kweli kwamba hajapata muda, ili mwingine aione aifanye. Tiketi iliyofungwa inadanganya kwamba jambo limeisha.

Hapa kwetu misingi ipo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na kifungu cha 9 kinataja wazi teknolojia ya habari pamoja na intaneti, na kinasema ufikivu uwekwe mapema wakati kitu kinabuniwa ili gharama iwe ndogo, hiyo siyo maneno yangu imo mle. Mwaka 2010 tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Kanda ya Ziwa hii sisi wenye ualbino tunajua vizuri sana sheria ikilala kabatini inakuwaje, kwa hiyo sitawaambia kwamba karatasi inatosha.

Na programu huria tayari ziko kwenye huduma zetu. Takwimu za vituo vya afya nchini zinapita kwenye DHIS2, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo, ni huria. Vyuo vinatumia Moodle kufundishia mtandaoni, ni huria, maktaba zinatumia Koha, ni huria. Tunachukua, tunatafsiri, tunabandika nembo yetu, tunafungua. Nani anaijaribu kwa kibodi peke yake kabla ya kufungua? Kwenye zabuni mnaandika server ya ukubwa gani, dhamana miaka mingapi, mafunzo siku ngapi. Ongezeni mistari miwili tu. Wa kwanza, mfumo utapimwa na mtu anayetumia kisoma skrini na mtu wa uoni hafifu, na watalipwa kwa kazi hiyo, siyo soda na nauli. Wa pili, marekebisho yote ya ufikivu yarudishwe kwa mradi mama, kule programu ilikotoka.

Huu wa pili naomba mnisikilize vizuri, hasa nyie mnaopata tenda. Mnaujua Mto Mirongo unavyopita katikati ya mji wetu. Unaweza kusimama pale unapoingia ziwani ukaokota chupa za plastiki kutwa nzima, kesho zimejaa tena, kwa sababu zinatupwa huko juu Mabatini na kwingine unakopita. Ukirekebisha ufikivu kwenye nakala yako tu ni hivyo hivyo, toleo jipya likija linafuta kazi yako, na chuo kingine jirani kinaanza upya kulipia kosa lile lile. Rekebisha juu, maji yanashuka safi kwa wote, Mwanza, Kisumu, Kampala, na huko Oslo kwenyewe.

Kitu kingine, haraka. Msinunue vile vijiprogramu vya mstari mmoja, unabandika kwenye tovuti wanakwambia sasa imekuwa fikivu kwa akili bandia. Januari 2025 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, ilitangaza kwamba kampuni ya accessiBe italipa dola milioni 1 kwa kesi ya kudai plagini yake inaweza kuifanya tovuti yoyote itimize WCAG. Hela hiyo mpeni mtu asiyeona mmoja akae na timu yenu wiki moja. Vipimo vya mashine vitumieni, axe-core ni huria na ni nzuri, ila vinaona sehemu tu, vinaweza kukwambia picha haina maelezo, haviwezi kukwambia maelezo uliyoandika hayana maana.

Nilipofika hapa kaka mmoja nyuma akanyoosha mkono, akauliza, "Sasa kaka, mi niko mwaka wa pili chuo, nina mradi wangu mdogo mtandaoni una nyota kumi na mbili za walioupenda, na wewe unataka nianze kufikiria mambo ya Ulaya?" Nikamjibu hapana mdogo wangu, Ulaya waachie wanaouza huko. Wewe fanya hivi, leo jioni weka mausi pembeni, tumia programu yako kwa Tab na Enter tu mwanzo mpaka mwisho. Pale utakapokwama ndipo mwenzako asiyeona anapokwama kila siku. Andika kwenye maelezo ya mradi wako sehemu gani bado, waziwazi. Mtu asiyeona anaheshimu sana "hii bado haifanyi kazi kwa kibodi" kuliko ukimya, maana ukimya unamlia bando na saa nzima kabla hajajua.

Dada mmoja akauliza kuhusu viziwi, kwamba naongelea macho tu. Ana haki, naongea ninachokiishi. Vidio za mafunzo zisizo na maandishi chini zinamfungia kiziwi vile vile, na kwao Kiswahili cha kuandika mara nyingi ni lugha ya pili baada ya lugha ya alama, kwa hiyo hata maandishi yawe mepesi. Nilimwomba yeye aje aliongelee hilo mkutano ujao kwa sababu mdogo wake ni kiziwi na anajua mengi kuliko mimi, amekubali.

Namalizia na Jumamosi. Saa nne asubuhi, ukumbi huu huu, tutakaa mezani mpaka saa nane, njooni na laptopu na spika za masikioni, NVDA nitakuja nayo kwenye flashi ili msimalize bando. Watakuwepo watu watatu wasioona ambao wanatumia kompyuta kila siku, wao ndio walimu, na waandaaji wamekubali kuwalipa. Tutaanza na fomu ya kujiandikisha kwenye mkutano wetu huu. Jana usiku niliijaza kwa kibodi peke yake, nikakwama kwenye tarehe ya kuzaliwa. Nikafungua kuangalia ndani kuna nini. Kalenda iliyomo ni yangu, toleo la 2021.